Vipimo vya Bi Sikitu

Alikuja na sifongo ya godoro kwapani,
Mbelwa, mtoto wa Makorora, akasema:
"Fundi, nishonee mwanamke."

Wa saizi gani?
Akamchora hewani kwa mikono miwili:
hapa mlima, hapa mlima,
nyuma marobota mawili ya mkonge.
Nikacheka.
Miaka ishirini na sita nashona hapa Ngamiani,
nimepima mabibi harusi, wajane,
wasichana wanaobana pumzi nisigundue mimba.
Sijawahi kumpima mwanamke asiyekuwepo.

Kifua: inchi hamsini na mbili.
Hipsi: usihesabu, fundi, jaza tu.
Jina: Bi Sikitu.

Shangazi yangu aliitwa hivyo.
Wenzake watano walitangulia kaburini,
wakampa jina hilo ili kifo kikichungulia mlangoni
kidhani humo ndani si kitu, kipite.

Jumamosi ukumbi ulifurika,
vikaazimwa mpaka viti vya msibani.
Bi Sikitu akatoka, wanja hadi masikioni,
akamsuta jirani, akamlilia bwana hela ya kusuka,
akakaa, kiti kikapasuka,
akainuka: "Kilichovunjika si kiti,
ni heshima ya seremala!"
Watu hoi. Nami hoi, nimejishika mbavu.

Kisha akafanya jambo dogo.
Mkono wa kushoto kiunoni,
mgongo ukanyooka polepole, pingili kwa pingili,
huku midomo ikihesabu sarafu bila sauti.

Kicheko kikanikwama.
Hiyo ni miye.
Ndivyo ninavyoinuka magharibi kwenye cherehani.
Umenipima lini, Mbelwa, na kwa tepu ipi?

Zamoyoni, mwanafunzi wangu, hakucheka tangu mwanzo.
Njiani akasema:
"Wanatuvaa kama kanga ya kuazima,
wanaturudisha na madoa.
Akiigiza mwanamume, mbona hakuletei sifongo?"
Mwanakombo muuza bagia akamdaka:
"Weye mwali, hujaona sisi tukivaa kanzu na kofia
usiku wa harusi, tukiwacheka waume zetu hadi alfajiri?
Nani alikwenda kushtaki?"
"Mliwacheka mlango umefungwa, bibi.
Sisi tunachekwa kwa kiingilio elfu tatu,
na kesho sokoni muuza nazi ananiita Bi Sikitu."

Wakaendelea hivyo mpaka barabara ya kumi na tatu.
Nilitaka kuamua, nikakosa upande.
Nilikuwa nimecheka, nani angenisikiliza?

Jumatatu gauni likarudi, limechanika kwapani.
"Ile ya kiuno," nikamuuliza, "umeitoa wapi?"
Akainama. Wanja ulikuwa haujamtoka wote.
"Kwa mama. Alifulia watu Chumbageni.
Nilidhani ni yake peke yake."
Feni ikazunguka. Pikipiki ikapita.
"Unajua, fundi, pale tu ndipo hawakucheka.
Mwenye ukumbi kasema nipaondoe."

Sikumjibu. Nikashona kwapa.
Kisha nikafumua ubavuni, nikachomoa sifongo,
konzi moja, halafu nyingine,
mpaka Zamoyoni akaacha pasi yake na kutazama.
"Unampunguza?" Mbelwa akashtuka. "Watacheka nini?"
"Sijui. Hiyo kazi yako.
Mgongo hauwezi kuuma ukiwa umejaa godoro."

"Bado ni nguo ya kuazima," akasema Zamoyoni,
akarudi kwenye pasi.

Nikafungua daftari, nikafuta hamsini na mbili.
Chini ya jina nikaandika: mgongo,
nikaweka nukta mbili,
nikabaki nimeshika kalamu.
Mbelwa alikuwa amekwisha kusimama mbele yangu,
amegeuka, mabega wazi, akisubiri tepu.