Alama ya Sikio

Simu nimemaliza kuilipa, Nyemo,
risiti ipo, nimeikunja kwenye kopo la majani ya chai.
Lakini usiku, Hombolo ikishanyamaza,
inawaka yenyewe,
inapakua nisichokiomba;
asubuhi kifurushi kimekwisha
na mnunuzi wa zabibu hanipati.

Ng'ombe wangu namjua kwa mkato wa sikio,
hata achanganyike mnadani.
Hii nayo ina mkato,
ila kisu hakikuwa changu.

Nikampelekea Ndahani, fundi wa Majengo.
Akashika bisibisi: “Nikiifungua, waranti inakufa.”
Ife.
Mwaka wa ukame nilifiwa na mitamba mitatu,
nije kulilia karatasi?

Akafuta vyote.
Ikawaka tupu, kama shamba la Novemba,
ikaniuliza nataka nini.
Nilichelewa kujibu.
Haikuwahi kuniuliza.