Mubashara

Maren alipozama ziwani, Duluth,
barafu ilipasuka kama kioo, taratibu kwanza.
Mimi sikumsukuma. Nilishika simu tu,
nikasogeza picha karibu, uso wake ukae katikati.

Mioyo elfu arobaini kabla ya chakula cha jioni.

Sasa Brynn ameokotwa gereji,
Tatum kwenye theluji, nyuma ya kanisa la Walutheri,
koo wazi,
simu imeegemezwa butini mwake, ikirekodi.

Usiku huu ngazi inalia, kidato kimoja kimoja.
Kisu sikijui. Glavu nazijua: za kijani,
alizozifuma mama yake Maren.

Nimezima taa. Ningewapigia polisi.
Badala yake, Mungu wangu,
kidole kimebonyeza: mubashara.

Watu sita wanatazama.
Saba.