Kioo na Vitufe

Walinikabidhi Ijumaa, ndani ya kisanduku kisicho na jina.
Siku tatu tu, Hilkka, wakasema, Jumatatu utuandikie.
Nje, Oulu imekaza meno: nyuzi ishirini na sita chini ya sufuri,
mto umefunga mdomo, baiskeli zimevaa theluji vitini.

Kwanza uzito. Nzito kama sabuni ya mche
kabla haijaonja maji.
Mgongo mweusi, mkavu, wa kukwaruza; hauponyoki.
Uso ni kioo kitupu. Nikagusa, kikawaka;
nikapapasa, picha zikapishana kama wapita njia wasiosalimiana.
Kizuri, sikatai. Ila kidole hakijui kimefika wapi,
kila mahali ni palepale, laini tu, laini na baridi,
na ukikosea hakikwambii: kinaandika kosa lako, kinanyamaza.

Kisha nikasukuma kwa kidole gumba.

Klak.

Kioo kikapanda mshazari, kama mtu anayeinuka kitini,
na chini yake, kumbe zimejificha muda wote huo,
safu tatu za vitufe, vidogo kama meno ya mtoto,
hata ä ipo, hata ö, kila moja na vitone vyake viwili utosini.
Nikafunga. Nikafungua. Klak. Nikafunga.
Mara arobaini, nadhani, kabla maji ya kahawa hayajachemka.

Kasoro? Zipo. Andika, Hilkka, usipendelee:
kitufe cha nafasi kimesogezwa kulia, nani kaamua?
Kamera ni goigoi; mbwa wa jirani alikwisha pita, nikapata mkia.
Betri inakata roho saa tisa alasiri, sambamba na jua la hapa.
Na glavu! Kituoni, nikisubiri basi,
kioo hakikunijua mpaka nivue,
nikavua, baridi ikaniuma hadi mfupani,
ndipo nikakumbuka (klak) vitufe havibagui,
vitufe vinapokea hata sufu.

Jumapili nikaenda kwa baba.
Taavetti, miaka themanini na mmoja,
alipiga teleksi ya reli kule Kontiomäki
miaka mingi kabla msumeno haujamchukulia kidole cha shahada.
Nikampa kioo. Akagusa. Hakuna.
Akagusa tena, kwa nguvu, kama anayebisha hodi.
Ncha za vidole vyake zimekauka kama gome la msonobari;
kioo hakikumhesabu kuwa ni mtu.
Akanirudishia bila neno, kwa adabu ile ya wanaume wa kwetu
inayouma kuliko tusi.

Subiri, nikasema. Klak.

Akavitazama. Miwani akaisukuma hadi kwenye paji la uso.
Akafumba macho kabisa,
vidole gumba viwili vikashuka, vikatafuta kingo, vikapata:
tak, tak-tak, tak,
mwendo uleule niliousikia utotoni nyuma ya ukuta wa mbao
wakati treni za magogo zilipokuwa zikiomba njia.

Simu yangu ikatetemeka mfukoni.
Tumekaa hatua moja, magoti karibu yagusane,
na bado ameniandikia:
KAHAWA IPO AU NAYO IMEHAMIA KWENYE KIOO
Alama ya kuuliza hakuweka. Hajawahi.

Jumatatu. Ofisi. Fomu. Bawaba: moja hadi tano.
Nikaweka tano, nikakoleza wino.
Jyrki, mkuu wangu, akaisoma akiwa amesimama,
akasema kwa upole: mwakani zote ni kioo, wameshaamua,
bawaba ni gharama, halafu bawaba hunasa vumbi.

Ni kweli, hunasa.
Nilikuta unyuzi wa sweta ya baba, wa kijivu,
kati ya L na Ö.
Kabla ya kuirudisha, sharti ufute kila kilichomo.
Nikafuta.
Unyuzi sikuutoa.