Amekaa

Wamenibandika kidude chini ya mtulinga wa kushoto,
hakizidi ukubwa wa kibiriti,
chepesi hata nikakisahau, kisha kikaanza kuniwasha.
"Siku saba, Bi Kazija," akasema Daktari Suweid.
"Kinasoma mwendo wako, pumzi, mapigo ya moyo."
Nikamuuliza: Na maneno?
Akacheka. Maneno hakisomi.
Nikasema alhamdulillahi, maana ulimi wangu naujua.

Nikarudi Vitongoji na mpelelezi kifuani.
Nikioga, najimwagia kata kwa kata, kwa hadhari,
kama naogesha mtoto ambaye kitovu chake hakijadondoka.

Kazi yangu yajulikana: kokoto.
Gunia lililokunjwa ndilo kiti,
jiwe kati ya nyayo, nimelivisha pete ya mpira wa tairi
vipande visinirukie machoni.
Nyundo juu. Nyundo chini.
Kila pigo hupanda mkono, hupita begani, hukikuta pale kilipoganda,
nami nakiambia: andika.
Hili la unga.
Hili la daftari la mjukuu wangu Ruzuna.
Hili la deni la dukani kwa Shaame, na hili pia, na hili.
Hili lililonipata kidole, usiandike,
na nilichokisema baada yake, usiandike.

Siku ya nane Suweid akaifungua mistari yangu kwenye kompyuta,
imejikunja kama ukili uliofumuka.
Akasoma. Akakunja uso.
"Bibi, hatua zako ni chache mno.
Asubuhi hadi alasiri, mashine inasema: amekaa.
Jumamosi, amekaa. Jumapili, amekaa.
Moyo unataka kazi. Jaribu kutembea kidogo jioni."
Nikaviweka viganja vyangu juu ya meza yake, wazi.
Sikusema neno.
Akavitazama. Akarudi kwenye kompyuta haraka.

"Na hapa umeanguka. Alfajiri. Tena adhuhuri.
Kila siku unaang—"
Akanyamaza. Akajikuna shingo.
Naye ana alama ya sijida kwenye paji.
Aliyekiunda kidude hakuambiwa
kwamba kuna mtu hushuka mwenyewe, na huinuka.
Tukacheka mpaka nesi akachungulia.

Kisha akafika usiku wa Jumatano, saa nane.
Chini ya pumzi yangu nzito, ya polepole,
palikuwa na nyingine, ndogo, ya mbiombio.
"Hizi ni kelele," akasema, kidole tayari kufuta.
Nikamshika mkono. Daktari mzima, nikamshika mkono.

Kelele gani? Ni Ruzuna yule.
Alipandwa na homa, akakataa mkeka, akakataa mto,
akalala juu yangu, sikio lake juu ya kidude,
mpaka jasho likamtoka, nikajua imevunjika.
Mama yake yuko Maskati, analea watoto wa wenyewe.
Hupiga simu Ijumaa: "Mtoto hajambo?"
Nami husema hajambo,
kwani nimwambie lipi, na nauli hana?

Suweid akanichapia karatasi.
Nimeikunja mara nne, nimeifunga pembeni mwa kanga.
Leo jioni Faki ataipiga picha airushe Maskati,
naye aone: mstari huu mzito ni mama yako,
huu wa mbiombio ni wako.

Kifuani pamebaki mraba uliochujuka,
bado unanata, unavuta vumbi la jiwe.
Kesho nimekaa tena, inshallah.
Lori linakuja Jumatatu.