Acha Shilingi Mia

Kijana wa benki pale Chake
aligonga-gonga kinanda, akakitazama kioo,
akanitazama mie, akakirudia kioo,
kama mtu anayelinganisha maiti na picha yake.
"Bi Mize, alama zako za mkopo zimeshuka."
Zimeshuka vipi, mwanangu? Sidaiwi na mtu.
"Ndiyo yenyewe hiyo," akasema. "Hudaiwi."

Mtu wa miaka hamsini na mmoja mie.
Nimeshona sare za watoto
ambao sasa wananiletea sare za watoto wao.
Ila kwenye kioo kile nina miezi minne,
sijaota jino.

Nikamwambia: mkopo wa cherehani niliuchukua Wete,
kwenye chama cha akiba, mwaka niliomwachisha Time ziwa.
Time sasa ana mume, Mtambwe.
Kila mwezi nilipeleka, hata mwezi wa masika,
hata mwezi niliokata kwa mkono mmoja
wa pili una bandeji.
Ukiisha mkopo huu nachukua mwingine,
vitambaa, meza ya kukatia,
akaunti ni ile ile, miaka kumi na tisa.
Shaabani nikalipa cha mwisho.
Nikasema fungeni.
Karani aliniuliza mara mbili. Fungeni.
Kukopa harusi kulipa matanga, hayo kwa wenzangu;
mie siku ile nilipika mkate wa kumimina
nikagawa nyumba saba.

Wewe hukuwapo alipozikwa baba.
Jeneza liko mbele, imamu akauliza
nani anamdai marehemu,
nami nje ya ukuta, mtoto wa miaka tisa, nahesabu sauti.
Moja. Ya pili. Nikaomba isije ya tatu.
Ikaja, ya muuza mafuta ya taa.

Kijana akashusha macho. Si mbaya yule,
ana chunusi na tai ya kuazima.
Akanieleza taratibu, kama anayemsomea mgonjwa cheti:
akaunti kongwe ndiyo iliyokuwa ikikuzeesha, bibi,
umeifunga, umebaki na ile ya simu.
Ile ya simu!
Elfu thelathini nilizokopa usiku, za zipu za Idi,
ndiyo shahidi wangu peke yake duniani.
Na ovaloki niliyoijia?
"Rudi baada ya miaka miwili. Uzeeke kidogo."

Dawa ya deni kulipa.
Nimeinywa yote, na chupa nimeitupa.

Ndani ya gari ya kurudi nikamkumbuka
Shaame Ngwali, duka la Limbani.
Daftari lake lina ukurasa wetu:
juu kabisa jina la mama, kwa kalamu ya risasi,
unga pishi mbili, kibiriti, chumvi;
chini yake jina langu, kwa wino.
Kila nikija na pesa kamili hunirudishia sarafu moja.
"Acha shilingi mia, Mize.
Ukurasa mtupu huchanwa, hufungiwa njugu."
Nilidhani ujanja wa dukani,
kamba ya kunivuta nirudi kesho.
Hana kinanda, hana kioo,
jicho la kushoto limeshaingia ukungu,
naye tangu lini alikuwa akiniona
umri wangu wote, na wa mama juu yake.

Sasa Time, sikia, na usinikatize.
Siku yangu ikifika, imamu akiuliza,
itatoka sauti moja tu, ya mzee, ina kikohozi:
shilingi mia.
Usione haya. Mlipe pale pale, nilale.
Kesho yake, matanga hayajaanuliwa,
teremka Limbani
kachukue kibiriti kwa deni,
aandike jina lako chini ya langu
kabla hajakaanga njugu.