Bei ya Senene

Tumeiita Senene kwa ajili ya gamba lake la kijani,
na kwa kuwa ilizaliwa Novemba, umeme umekatika,
Nyakato kashika waya kwa meno na tochi kwapani.
Sasa imelala kauntani, ghorofa ya pili, Mtaa wa Wilson.
Ukiibonyeza inalia, ukiicheza inakusahaulisha njaa.
Ila yake ni moja: haina bei.

Nimekaa na daftari tangu alasiri.
Kioo, elfu sitini na mbili.
Betri, pamoja na ile iliyovimba tukaitupa.
Ushuru wa Entebbe, na siku tatu za "njoo kesho."
Vitufe vya kwanza, vilivyokwama.
Vitufe vya pili.
Nauli za bodaboda, ambazo Nyakato hazihesabu
na mimi silali kwa kuzihesabu.
Jumla: laki moja, elfu themanini na saba, mia nne.

Chini yetu, kwa Hajati Nabbosa,
vidubwasha vya gemu mia nne kwa elfu arobaini na tano,
na mia tatu kati ya hizo
ni gemu moja iliyobadilishwa rangi.
Ng'ambo ya barabara, nyuma ya kioo chenye kufuli,
vile vya Japani vilivyopitia Dubai: laki tisa,
na mlinzi anayekutazama viatu kabla hujauliza.
Kati ya hapa na pale ni uwanja mpana,
wala hakuna aliyetuchorea mstari wa kusimama.

"Laki mbili na nusu," nasema. "Cha rahisi hushukiwa."
"Laki moja tisini na tisa. Cha ghali hutazamwa tu."
"Hiyo elfu moja unampunguzia nani?"
"Jicho," anasema. "Mfuko utajua baadaye."

Kisha ananikumbusha senene wenyewe, wale wa kula:
usiku wa kwanza kikombe kimoja ni kama mshahara;
mvua ikishuka Masaka, mapipa yakifurika chini ya taa,
asubuhi muuzaji anakuongeza kiganja bila kuombwa.
"Sisi tuko usiku wa kwanza, au wa tatu?"
Sina jibu. Naandika kwa penseli.

Aliyetuamua ni Odoch, wa meza ya chapati pale ngazini,
aliyemaliza hatua ya tisa na unga vidoleni.
Ungelipa ngapi?
Akatazama dari, akahesabu kwa fedha anayoijua:
"Chapati mia mbili. Lakini mama asisikie."
Nyakato akanigeukia.
Tukapunguza chapati moja, ikawa bei.

Jumatatu, mteja wa kwanza: kijana wa shati la pasi.
Hakuomba kupunguziwa. Hata mfuko hakuutaka.
Alihesabu noti, akashuka ngazi.
Mimi nilipiga makofi. Nyakato alikunja uso:
"Asiyepatana bei hakuja kununua, kaja kujua."

Jioni, bango kwa Hajati, wino haujakauka:
YAJA KAMA SENENE. LAKI MOJA THEMANINI.
Usiku ule sikufungua daftari.

Jumatano kijana akarudi, shati limekunjamana,
Senene yetu ndani ya kaveera iliyofungwa fundo:
gamba huku, springi kule, skrubu mbili hazipo.
Kuifungua waliweza.
Kuifunga ndiko kulikowashinda.

Nyakato akavuta stuli, akapuliza vumbi.
"Elfu thelathini," akasema, bila kuinua macho.
"Ishirini, dada. Tafadhali. Nitafukuzwa."
Anapatana! Hapo nikajua tumepata mteja.

Nikatafuta mstari wa kuiandika ishirini na tano ile.
Kioo kipo. Betri ipo, hata iliyovimba ipo.
Vitufe vya kwanza, vitufe vya pili, bodaboda zote.
Mkono wake sikuwa nimeuandika popote.

Nikachonga penseli.
Alikuwa ameshapata skrubu mbili, sijui wapi,
na anatafuta ya tatu sakafuni kwa magoti.