Makadirio ya Udongo

Nyuma ya risiti ya duka la dawa, Harlingen,
naandika: miraba sitini kwenda mbele,
minne kwa upana, mikokoteni ipate kupishana.
Mia mbili na arobaini.
Kina nimekipima kwa kuzama:
mtu wangu wa mchezoni alishuka hadi pumzi ikamwishia,
akafa mara mbili, akarudi na jibu. Tisa.
Elfu mbili, mia moja na sitini.
Mkokoteni hubeba sitini,
basi safari thelathini na sita.
Rahisi, nikasema, nikabandika maji ya kahawa.

Usiku wa nne nimemwaga ya thelathini na sita
na nchi yangu haijafika hata nusu ya maji.
Haba na haba, sawa,
lakini kibaba hiki hakina ubavu.

Baba, miaka ishirini na saba
kwenye meli ya kuchimba mchanga, angecheka.
"Udongo hausimami wima majini, Fenna. Hulala.
Kila unachokiona juu kina mwenzake chini,
kajinyoosha, mpana kuliko yeye."
Alinionyesha kwa sukari kwenye kisahani chenye maji.
Sikumsikiliza. Nilikuwa na miaka tisa
na niliitaka ile sukari.

Mara mbili, basi. Safari sabini na mbili.
Kilima nyuma ya kambi yangu sasa ni shimo,
na mvua ya mchezoni imeanza kulijaza.

Ng'ambo ni kisiwa cha Jelmer.
Ng'ambo ya kweli pia: Terschelling,
saa mbili kwa feri, upepo ukiiruhusu feri.
Hatujasemezana tangu nyumba ya Baba iuzwe;
kaka yangu alitaka tusubiri, mimi nilikuwa na deni.
Huku tunaandikiana idadi tu.
Mawe? Mia tatu.
Sepetu? Imekatika.

Jumapili, saa nane usiku, ndani ya ukungu,
nikaona udongo mwingine unanijia,
udongo usiokuwamo kwenye risiti,
umesawazishwa vizuri kuliko wangu.
Kati yetu miraba mitatu ya maji meusi.

Nikaandika: mikokoteni miwili itatosha.

Alikawia. Kahawa ikapoa.

Minne, akajibu. Udongo hulala.

Nikakata ile miwili kwa kalamu,
nikaenda kutafuta kilima kingine.